Maiti Aliyeomba Kuongezwa Sukari

Kitendawili! Haya, nimesikia mmesema nitege. Maiti amekaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu, anakunywa chai ya maziwa, na daktari akipita anamwita, "Mwanangu, hebu niongeze sukari kidogo." Nani huyo? Msihangaike kunipa miji yenu, nitategua mwenyewe. Ni mimi. Nilikufa Jumamosi asubuhi ndani ya ghala moja la Mbaraki, na aliyeniua ni kijana mwenye adabu zake, kwa kuniamkia vizuri.

Nianze mwanzo, msije mkanikimbia.

Mjukuu wangu Fairuz nimemlea mimi. Wazazi wake wako Maskati kikazi tangu yeye mdogo, akabaki nami hapa Mji wa Kale, tukilala kitanda kimoja mpaka miguu yake ilipoanza kunibana ukutani. Akasoma, akawa muuguzi, tena wa upande ule wanapopokelewa watu wa ajali. Mwaka huu akaingia katika shirika moja la misaada linalopeleka madaktari kwenye vita. Nchi yenyewe sitaitaja. Fungua redio saa ya habari utaisikia, na kama si hiyo, basi ni jirani yake.

"Nimepewa mlango, Bibi," akaniambia siku hiyo, uso umemng'aa kama aliyeposwa.

"Mlango wa nini? Huu wetu umeingia mchwa na hujaugusa."

"Mlango wa hospitali. Kombora likianguka sokoni, watu huletwa wote kwa mpigo, kwa mikokoteni, kwa pikipiki, migongoni mwa wenzao. Madaktari wa kupasua ni wachache. Lazima mtu asimame mlangoni aseme nani aingie sasa hivi, nani aweza kungoja. Wa sasa hivi tunamfunga utepe mwekundu, wa kungoja manjano, wa kutembea mwenyewe kijani."

"Na asiyengoja wala hatembei?"

"Huyo mweusi, Bibi."

Nikaendelea kukuna nazi.

Jioni moja alipindua kalenda ya mwaka jana, akachora watu wawili nyuma yake. Akasema mmoja ni askari, wa pili ni mtu wa nyumbani. Kisha akaanza kutia nukta kwa kalamu nyekundu, kila nukta jeraha, kwa habari walizoletewa na hospitali ya kule. Askari amevaa chuma kifuani, ana kofia, na anajua adui yuko upande gani. Mtu wa nyumbani hajui kitu. Yuko kwenye foleni ya mkate, au anafua, au amelala. Nukta zake zilitapakaa kama surua.

"Mbona mgongoni zimejaa hivi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu anakimbia, Bibi."

"Na usoni?"

"Dirisha. Watu wasikia mlio, wanakwenda dirishani kuchungulia, halafu linakuja la pili, vioo vyote usoni."

Nikalitazama dirisha langu, pale ninaposhinda kutwa nikiangalia nani kapita na nani kanunua samaki gani. Nikasogeza kiti.

Kando ya wale wawili alikuwa amechora mtu wa tatu, mfupi. Nikajua ni nani bila kuambiwa. "Hawa ni wengi," akasema. "Ndiyo nimewaambia waongeze magongo mafupi, ya watoto kutembelea, kwenye masanduku. Walikuwa wamepanga ya watu wazima watupu, na dawa nyingi za risasi, na za moto kidogo. Na nyumbani kuna nini kama si moto? Kila mtu ana jiko."

Kazi ameijua, sikatai. Lakini mimi sikutaka aende. Kila nilipomwona anachora nilikuwa naomba ile kalamu ikauke. Kwa hivyo niliposikia kuna zoezi, moyo wangu ulinong'ona kitu. Daktari Chirau, mkubwa wao, mtu wa Kwale, mrefu, mpole wa sauti, atakuja kuutazama mlango wa Fairuz ukifanya kazi. Ukifanya kazi, Fairuz anaondoka na kundi. Usipofanya, atabaki Mombasa na masanduku, na mlango atapewa mtu mwingine. Fairuz mwenyewe ndiye aliyeniambia hayo, huku akila kucha.

Sasa zoezi lataka majeruhi. Na mjukuu wangu, na akili zake zote, akaenda kuwachukua wapi? Mtaani kwetu! Watu waliomwona akitambaa bila nguo, ndio awapange kwa rangi.

Tulikwenda Mbaraki kwa tukutuku, zile za magurudumu matatu, msafara kama wa kumpeleka bi harusi. Ghalani kulikuwa na hema jeupe, meza, machela, na masanduku yaliyongoja kusafirishwa. Nyuma ya pazia alikaa Kanze, mwenye saluni Bondeni, ambaye hina yake imepita kwenye mikono ya nusu ya maharusi wa kisiwa hiki. Yeye ndiye aliyetutia majeraha. Damu aliipika kwa shira ya sukari na rangi ile ya mabuyu, na watoto walipogundua, basi. Kila ukigeuka, mtoto mmoja analamba jeraha la mwenzake.

"Nyie!" Kanze akawapigia kelele. "Mguu huo nimeuvunja kwa nusu saa, naona mwaurudishia uzima kwa ulimi!"

Mimi akanipaka kitundu kidogo tu, ubavuni, chini ya mbavu, kikafunikwa na kanzu na buibui juu. Daktari Chirau akaja, akaniinamia. "Bibi, wewe ulikuwa uani unaanua nguo. Kipande cha chuma kimekuingia hapo, kidogo kama punje ya mtama, lakini ndani unavuja damu. Unaweza kutembea, unaweza kuzungumza. Ukiulizwa vizuri, jibu. Usipoulizwa, nyamaza."

"Kuzungumza naweza sana," nikamwambia.

Akapiga debe, bwaa! Zoezi likaanza.

Laiti mngekuwako. Iqbal, yule muuza vitambaa, alipewa mguu uliokatika, na nadhani tangu azaliwe alikuwa akiungoja. Alilia mpaka walinzi wa ghala jirani wakaja mbio. "Nafa! Nafa miye! Waambieni wanangu!" Wauguzi wanne wakamvamia na machela. Akawazuia kwa mkono. "Aka! Siwezi kulala na Bibi amesimama. Mtangulizeni Bibi!" Na wengine wote wakaitikia, mtangulizeni Bibi, yule aliyeungua, yule wa jicho, hata mama aliyewekwa chini hana fahamu akafumbua jicho moja akasema nipewe kiti. Mlango mzima ukaziba kwa heshima.

Mlangoni Fairuz alikuwa amemsimamisha muuguzi mmoja, Elvis, kijana wa Voi. Akanijia na tepe zake mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi. Waumwa popote?"

"Aa, sisi tuko, twashukuru."

Basi. Akanitazama usoni, akatazama buibui langu, akaona haya kunipapasa mtu wa rika la nyanyake, akanifunga utepe wa kijani. Akanikalisha kwenye benchi la wazima. Nami, kwa kuwa niliambiwa ninyamaze na kunyamaza siwezi, nikamtegea. "Nina nyumba, watu huingia wamelala, hutoka wakitembea."

Akafikiri. "Lifti?"

"Nani alala kwenye lifti?"

"Kaburi. Siku ya Kiyama."

"Astaghafiru! Umekwenda mbali sana. Nipe mji."

"Nakupa Voi."

"Kwenu hasa, wautoa kwa kitendawili kimoja? Haya. Nimekwenda Voi, nimekula mbuzi, nimeolewa na kuoza, nimerudi. Ni hospitali, mwanangu! Si hapa ulipo?"

Tukacheka mpaka nikajishika ubavu. Hapo ndipo Daktari Chirau aliposimama mbele yetu.

"Huyu Bibi vipi?"

"Mzima, daktari. Kijani. Anategua na kutega."

Daktari akamwita Kanze, Kanze akanipeleka pembeni, akainua buibui, akawaita wauguzi wa kike waone. Ile shira ilikuwa imenitapakaa mpaka kiunoni.

"Amekufa," Daktari akasema taratibu. "Nadhani tangu pale alipopewa Voi."

Nikafungwa utepe mweusi, nikapewa chai. Sikufa peke yangu. Alikufa pia mama mmoja aliyesema "sijambo" na ana kipande shingoni chini ya mtandio, na mtoto aliyefundishwa kwao asiwasumbue wakubwa. Iqbal mwenye kelele zake alipona kabisa. Daktari akamwambia Fairuz mbele ya wote, bila ukali, kwamba mchana watarudia mara moja tu, na mlango usipofunguka, basi utafungwa.

Nami nikiwa maiti pale benchini, na sukari imenoga, nikasema moyoni: mjukuu wangu atabaki. Si mimi niliyemzuia. Ni Mungu na adabu za watu wa Mombasa.

Kisha nikamwona. Amekaa juu ya sanduku lililoandikwa magongo ya watoto, chakula chake pajani, pilau ile niliyoamka kuipika, hajaigusa. Nikaenda nikakaa naye.

"Bibi," akasema bila kuinua kichwa, "wakumbuka nilipoanguka ngazini?"

Nikakumbuka. Alikuwa mdogo, mkono umevunjika, unaning'inia kama kitambaa. Wageni wakaingia wakati uleule wakamwuliza, "Fairuz, hujambo?" Naye, machozi yanamtiririka, akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi, shikamooni." Mimi nikamsifu! Nikawaambia wageni mwaona nilivyomlea. Ni jirani aliyeuona mkono.

"Ulinisifu," akasema.

"Nilikusifu," nikakubali. "Na leo umesahau kula, sifa zenyewe zitakaa wapi?"

Akatabasamu kidogo. Akaanza kusema, si na mimi, na sanduku. "Tumewauliza hujambo. Mtu mzima kuulizwa hujambo ana jibu moja tu, hata ana mkuki tumboni. Na kule nako ni hivihivi, wana lao la kujibu, la kushukuru, hospitali imetuandikia kwamba wanawake wanachelewa kuonwa na daktari na hatujui kwa nini. Wanaulizwa kama wazima wanavyoulizwa." Akagonga sanduku kwa kidole. "Nisiwaulize walivyo. Niwaulize walikuwa wapi."

"Walikuwa wapi?"

"Ilipoanguka. Walikuwa wamesimama wapi, wanafanya nini. Hilo halina adabu wala utovu wake, kila mtu atalijibu, tena kwa marefu. Na mimi nina zile nukta. Akiniambia alikuwa dirishani, nitatazama uso na macho. Akisema alikuwa jikoni, nitatazama mikono na kifua. Akisema alikimbia, mgongo." Akasimama, pilau ikamwagika nusu, sikusema kitu. "Elvis! Elvis, njoo hapa! Nataka mwanamke mlangoni kwa ajili ya wanawake, na leso kubwa mbili za kushika kama pazia. Bibi, leta leso yako."

"Hii mpya?"

"Hiyohiyo."

Mchana Kanze akatupaka upya, akabadilisha majeraha ili wauguzi wasije na majibu ya asubuhi. Iqbal alipewa uso wa kijivu na akaambiwa asiseme hata neno, adhabu kubwa kuliko kukatwa mguu. Mimi nikatiwa kitundu mgongoni, karibu na bega. Daktari Chirau akaniinamia tena. "Safari hii ulikuwa kwenye foleni ya mkate, Bibi. Likaanguka, ukageuka kukimbia. Masharti ni yaleyale."

Debe likalia.

Sasa mlango ulikuwa mwingine. Elvis yuko upande wa wanaume, Fairuz upande wa wanawake, na leso yangu mpya, ya rangi ya zambarau, imetandazwa na wauguzi wawili. "Ulikuwa wapi?" nikawasikia. "Nilikuwa nateka maji." "Nilikuwa nimelala, ukuta ukaniangukia." Watu wanaeleza, mikono inaonyesha, na huku wakieleza, mkono wa muuguzi ushawapitia mwilini. Watoto hawakuachwa wazunguke peke yao, mmoja aliulizwa alikuwa akicheza nini, akasema mpira, akainua suruali mwenyewe kuonyesha goti. Na aliyetaka kunitanguliza mimi, Fairuz alimwambia, "Bibi ana kiti, Bibi ameridhika, sasa wewe." Iqbal walimkuta upesi, amekaa kimya ukutani. Elvis alimwuliza alikuwa wapi, naye, kwa kuwa ni marufuku kusema, akaonyesha kwa mikono jengo zima likianguka. Wakambeba.

Ikafika zamu yangu.

Fairuz akanivuta nyuma ya leso. Karibu sana, namwona jasho juu ya mdomo. Hakuniamkia. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi, Bibi, ilipoanguka?"

Wallahi, hapo nikanyamaza. Kwa sababu nilijua. Ningesema nilikuwa chumbani nimelala, angetazama kichwa na miguu, kama nukta zake zilivyomwambia, na mgongo wangu ungeponyoka, na mimi ningekufa tena, na yeye angebaki. Neno moja dogo tu. Nani angejua? Hata yeye asingejua. Angenipikia uji asubuhi yake, na asubuhi iliyofuata.

Lakini nilipofungua mdomo, sikumwona Fairuz. Nilimwona mwanamke wa rika langu, wa kule, sijui jina lake, ana buibui lake kama hili, katoka kwenye foleni na mkate bado uko kwapani. Anafika mlangoni na ile sijambo yake ya kwao, amejitayarisha kuitoa. Na mlangoni amesimama nani? Kama si huyu wangu, atakuwa mtu wa kumwamkia tu.

"Foleni," nikasema. "Foleni ya mkate, mwanangu. Likaanguka, nikageuka kukimbia."

Mkono wake ukaenda mgongoni moja kwa moja. Nikausikia umekwama kwenye shira. Akafumba macho kidogo, kisha akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu, sauti ya mtu mwenye kazi: "Mwekundu! Machela huku, sasa hivi!"

Wakanilaza, wakanikimbiza, dari la ghala linapita juu yangu. Miaka mingi sijabebwa, na nitasema kweli, ni raha. Nikawaambia wapunguze mwendo nifaidi.

Mwisho wake hapakuwa na utepe mweusi hata mmoja. Daktari Chirau akasimama juu ya sanduku, akasema mlango umefunguka, na swali lile la Fairuz litaandikwa katika mpango, lifundishwe kwa kila kundi linalokwenda. Watu wakapiga vigelegele. Iqbal, aliyerudishiwa ulimi wake, akapiga kuliko wanawake. Fairuz hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi, na akaona haya kufurahi.

Nikamwendea Daktari mwenyewe. "Mwanangu, na huyu akiumia huko, nani atamwuliza alikuwa wapi?"

Hakucheka. "Mimi, Bibi."

"Na akikujibu sijambo? Maana nimemfundisha vibaya."

"Sitaondoka mpaka nimpapase kila mfupa," akasema. "Kuna chumba chini ya ardhi, na tukilala, tutalala humo. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, na nikikuahidi zaidi, usiniamini."

Nikampenda kwa hilo la mwisho.

Nikamgeukia Fairuz. "Una viatu gani vya safari?"

Akaonyesha vile vya kitambaa alivyovaa, soli yake nyembamba kama chapati ya mtu bahili.

"Na barabara zote zimejaa vioo, si wewe uliyeniambia? Twende Bondeni kabla hawajafunga."

"Bibi, kwanza ukoge, mgongo wako wote damu!"

"Utakaukia njiani."

Tukaenda hivyohivyo. Dereva wa tukutuku alinitazama kwenye kioo njia nzima, akaendesha kama amebeba mayai. Dukani Bondeni nikamwambia muuzaji alete viatu vya nyayo nene, asinionyeshe vya kuendea harusini. Akaleta jozi nyeusi, nzito, mbaya ya sura. Fairuz akakaa kwenye kibao, akaingiza mguu, akafunga kamba polepole, akainama hapo chini nisimwone uso.

"Bibi," akasema, "waniwia radhi?"

"Simama kwanza, tuone kama havikubani."

Akasimama. Nikambonyeza vidole juu ya ngozi, kama nilivyokuwa nikimbonyeza viatu vya shule.

"Radhi unazo," nikamwambia. "Haya, tembea mpaka mlangoni, kisha urudi."